Umeme Kwanza, Karti Baadaye

SNEL ikirudi usiku hapa Kimanga, kitaa kizima kinapiga kelele kabla hata balbu yako haijawaka. Redio ya jirani inaanzia katikati ya wimbo, watoto wanaruka, na kila mtu wa gemu anakimbilia kitufe cha ordi yake. Hapo njo fasi ordi mingi za hii mji zinakufia. Masta, nisikie vizuri: umeme ukirudi, usiguse kitu. Ngoja dakika kumi hivi. Wacha mafrigo na mapasi ya avenyu yote yamalize kugombania waya kwanza.

Hii si ushirikina, ni mambo ya waya. Umeme ukikatika, watu hawachomoi vitu vyao. Siku unarudi, kila kitu kinavuta kwa mara moja kwenye transfo yenye tayari imechoka. Volti zinashuka, zinaruka juu, zinashuka tena. Balbu inavumilia. Boksi ya umeme ya ordi, yenye sisi tunaita alimantasio, inakula vile vishindo mpaka siku moja inalipuka, na ikilipuka vibaya inaondoka na karti mama.

Naandika hii juu naona maleki wetu wanasota miezi mingi kutafuta doo, wananunua karti grafiki kali, wanachomeka ordi moja kwa moja kwenye prizi ya ukutani, na wiki haiishi wanaibeba kwa depaneri ndani ya sashe. Inaniuma. Mtoto amebeba magunia pale bandarini Kalundu, ameuza mega, amenyima tumbo lake, na ile doo yote imekuwa moshi. Kila mtu atakuambia anza na karti. Mi nakuambia karti njo ya mwisho. Kati ya kila dola kumi zenye uko nazo, tatu ziende kwa umeme kabla hujawaza kitu kingine.

Umeme wetu unatoka juu, kwenye Ruzizi, pale maji yanatoka ziwa Kivu karibu na Bukavu kuteremka kuja kwetu Tanganyika. Kuna Ruzizi I, mashine ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya 1989 yenye Kongo, Rwanda na Burundi wanagawana. Mashine za zamani, miji imekua, na juu ya ile yote kuna takataka: machupa ya plastiki yenye watu wanatupa ziwani kule Bukavu yanafuata mkondo, yanaziba mashine, na delestaji inatufikia huku chini. Chupa moja ya Fanta yenye mtu ametupa huko inaweza kukukata katikati ya penalti huku. Hatuwezi kupanda Bukavu kila siku kuokota machupa. Tunaweza kujilinda nyumbani.

Kuna vitu viwili vyenye watu wanachanganya. Stabilizateri inanyoosha volti: zikishuka inazipandisha, zikipanda inazishusha, lakini SNEL ikienda na yenyewe inazima. Onduleri iko na betri ndani, inakupa dakika chache za kuokoa faili na kufunga ordi kwa heshima. Kama doo inatosha kitu kimoja tu, chukua onduleri yenye iko na stabilizateri ndani yake. Mingi za siku hizi ziko hivyo. Na usidanganywe na namba kubwa ya kwenye boksi. Onduleri ya VA 650 kwa kawaida inabeba wati 360 hivi, si 650. Angalia ile namba ya wati, iko imeandikwa kidogo nyuma. Kama onduleri inalia na kuzima saa ile tu SNEL inaenda, wakati betri ni nzima, mara zingine shida ni kwamba onduleri ya bei ya chini inatoa umeme wa kukatakata, na alimantasio za kisasa hazipendi huo umeme. Jaribu zote mbili pamoja pale pale dukani, mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa doo.

Halafu tere. Ukigusa kasha la chuma la ordi na unasikia vidole vinawasha kidogo, nyumba yako haina tere. Watu wanazoea, wanasema "ordi inauma". Haitakiwi kuuma! Ita fundi wa umeme akupigie fimbo ya chuma ao ya shaba chini, avute waya mpaka kwenye prizi. Sisi wa kando ya ziwa tuko na bahati hapa, ardhi yetu ni mbichi na tere inashika vizuri. Na mvua ikianza kunguruma juu ya ile milima nyuma yetu, chomoa kila kitu, hata kebo ya intaneti. Hakuna onduleri yenye inashindana na radi.

Jambo la mwisho la umeme, na hili limeshaua ordi za kutosha. Alimantasio zingine za zamani ziko na kaswichi kekundu nyuma, kameandikwa 115 na 230. Huku tuko na volti 220. Ordi ikitoka Marekani, kale kaswichi kanaweza kuwa kwenye 115. Ukichomeka hivyo, ni mlipuko mmoja na harufu. Angalia nyuma kabla ya kuchomeka, kila mara, hata kama muuzaji anaapa.

Wenye wanauliza juu ya sola: inawezekana, lakini piga hesabu. Betri ya volti 12 na Ah 100 iko na Wh 1,200, na ile ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600. Ordi yenye kakarti kadogo pamoja na ekrani inakula wati 175 hivi ukicheza, na konvertisa inakula yake. Unapata karibu masaa matatu. Kwa mechi za jioni inatosha. Kwa kukesha, hapana.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe. Ordi ya gemu ya kwenye video, ile ya mataa ya rangi na kioo, haifiki huku kwa bei ya mtu wa kawaida. Yenye inafika ni okazio: ordi za biro za Ulaya zenye zimetolewa kazini, zinapita Dubai ao Dar, zinafika Kigoma, zinavuka ziwa mpaka Kalundu, ao zinaingilia Buja na kutokea Kavimvira kama mpaka uko wazi. Ni ordi za heshima hizo. Zilikaa miaka kwenye biro zikiandika barua na kuhesabu mishahara, hakuna mtu alizikimbiza.

Mfano wenye mi napenda ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Ndani kuna mara mingi prosesa ya Core i5-3470, viini vinne, gigahezi 3.2. Ya zamani, ndiyo. Lakini GTA V, yenye ilitoka kwa kompyuta tarehe 14 Aprili 2015, inaomba chini ya hapo, na PES 2017 inatembea humo bila jasho. Angalisho moja: Dell ilirudisha jina hilohilo la 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa. Muuzaji akikuambia "hii ni ile ya 2023", fungua Windows, soma jina la prosesa. Namba ikianza na 3, kama 3470, hiyo ni kizazi cha tatu, ni ya 2012, na bei iwe ya 2012.

Chukua kasha refu, si lile jembamba. Lile jembamba linaingiza karti fupi tu, na alimantasio yake ni wati 240. Lile refu iko na 275 na nafasi ya kupumua. Na ujue kitu kingine chenye madepaneri wetu wanakijua kwa machungu: 7010 iko na fishi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo alimantasio ikifa unaweka nyingine yoyote nzuri. Ndugu zake wenye walifuata, 7020 na 9020, ziko na fishi ya pini 8 ya Dell peke yake, na HP EliteDesk 800 G1 iko na yake ya pini 6. Zikifa, unatafuta adapta ao unasubiri boti.

Nilikaa siku moja kwenye kaduka ka depaneri mmoja, kijana akaingia na ordi begani.

"Yaya, hii inazimika kila nikifungua gemu."

"Leki, karibu. Ulinunua nini mbele, karti ao alimantasio?"

"Karti, yaya. Inaomba fishi ya pini sita, nikaifungia adapta."

Yaya hakumgombeza. Alifungua kasha, akamuonyesha kwa kidole: hii alimantasio ilipangiwa kazi ya biro, na ile karti inaomba wati 150. Ni kama kumtwisha mtoto gunia la muhogo la baba yake. Akamuambia abadilishe ile karti na mtu mwenye iko na boksi kubwa, achukue yenye haina fishi.

Hapo njo siri yote. Ile tundu ya karti kwenye karti mama inatoa mpaka wati 75, haizidi. Kwa hiyo tafuta karti zenye zinaishi humo ndani, bila waya wa ziada. GTX 750 Ti ya 2014 inakula 60. GTX 1050 Ti ya 2016 inakula 75 na iko na giga 4. GTX 1650 ya 2019 nayo ni 75, lakini zingine wametengeneza na fishi, kwa hiyo angalia kwa macho. Kama bei zinakaribiana, chukua 1650 bila kufikiri mara mbili, juu Nvidia iliacha kutoa draiva za gemu kwa ukoo wa 750 na wa 1050 Oktoba 2025. Zitabaki na za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Zitaendelea kucheza gemu za leo. Za kesho njo zitaleta shida.

Na ma-feki! Noma kabisa. Kuna karti zenye zimeandikwa 1050 Ti kwenye boksi, na Windows yenyewe inasoma 1050 Ti, kumbe ndani ni GTS 450 ya 2010 ao 550 Ti ya 2011 yenye wameibadilisha jina. Dawa yake inaingia kwenye flashi: programu ya bure inaitwa GPU-Z, kadogo sana. Tangu 2018 inaandika wazi kabisa ikikuta karti ya uongo. Tembea nayo mfukoni. Hata bila programu, angalia nyuma ya karti: ukiona tundu la bluu la VGA kwenye kitu kinaitwa 1050 Ti, tia shaka kubwa, juu Nvidia iliondoa hiyo njia ya zamani kwenye ukoo huo. Muuzaji akikataa ujaribu, mpe mkono wa kwaheri.

Lakini nimesema karti ni ya mwisho, na mbele yake kuna vitu viwili. SSD ya SATA: diski ya kuzunguka inasoma mega 100 mpaka 150 kwa sekunde, SSD inakaribia 550. Ordi yenye ilikuwa inawaka wakati unamaliza kunywa chai, sasa inawaka kabla hujakaa. Hakuna badiliko lingine lenye utalisikia haraka hivyo. Ramu: giga 8 ni chini kabisa, 16 unapumua. Na weka vijiti viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, juu vikiwa viwili njia inakuwa mbili, na kama bado unatumia grafiki ya ndani ya prosesa utaona tofauti kwa macho. Mwisho wa 2025 bei ya ramu mpya ilipanda dunia nzima, juu viwanda vya akili bandia vilikuwa vinanunua mingi sana. Micron ilitangaza Desemba ya mwaka huo kwamba inaacha kuuza ramu za Crucial kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo DDR3 kuukuu kutoka ordi iliyokufa usiitupe. Iulizie kwa madepaneri, wako nayo kwenye makopo. Ila DDR3 haiingii kwenye fasi ya DDR4, usisukume kwa nguvu.

Kila mara nikifungua karti grafiki naitazama kidogo. Bati yenye imeshikisha vile vyuma vidogo ni kitu chenye watu wanachimba Nyabibwe, kule Kalehe. Dhahabu ya kwenye meno ya karti ni kitu chenye watu wanachimba Misisi, kwa jirani zetu wa Fizi. Koltani ya Rubaya, Masisi, njo mama wa tantali, na tantali iko ndani ya ordi na simu dunia nzima. Vijana wa umri wetu wanashuka shimoni kwa ajili ya hizi vitu, wengine hawapandi tena. Kitu kinatoka huku kama udongo, kinazunguka dunia, kinaturudilia okazio, na tunakinunua kwa dola. Mi siwezi kuona ordi ya namna hiyo inakufa juu ya vumbi na uvivu. Inatakiwa iishi miaka kumi mingine.

Kwa hiyo usafi. Kiangazi, kuanzia Juni, vumbi ya barabara zetu inaingia kila fasi, na moshi wa makala wa jikoni unaipaka mafuta, inashikamana kama blanketi kwenye feni. Kata kipande cha chandarua kuukuu, bandika fasi hewa inaingilia; hewa inapita, vumbi nzito inabaki nje, na mende na mijusi hawapati mlango. Usicheke mijusi. Mmoja akilala juu ya karti mama anaweza kugusanisha umeme, na wote wawili mnalia. Kila mwezi wakati wa vumbi, zima, chomoa, fungua, piga brashi laini, puliza. Ukipuliza feni ishike na kidole isizunguke, juu ikizungushwa kwa nguvu inaharibika. Alkoholi ya kusafishia itoke famasi na iwe ya asilimia 90 kwenda juu. Pombe ya kanyanga hapana, iko na maji na vitu vingine ndani.

Ordi iwe juu ya meza, si chini. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, maji yaliingia nyumba za watu usiku, na miaka ile ile ziwa lilipanda mpaka kumeza nyumba za kandokando. Mtu anakimbia na watoto, hakimbii na ordi. Lakini ikiwa juu, kuna nafasi uikute.

Joto nalo lipime. Weka programu ya kusoma digrii kama Core Temp, cheza nusu saa, uangalie. Chini ya 80 uko fiti. Ikipita 90, pasta ya joto kati ya prosesa na chuma chake imekauka, na kwa ordi ya 2012 yenye haijafunguliwa hiyo ni kawaida kabisa. Washa ordi dakika tano ipate joto kidogo, zima, chomoa, ndipo uzungushe kile chuma taratibu kabla ya kukivuta, usije kung'oa na prosesa. Safisha, tia tone dogo katikati, rudisha. Dawa ya meno si pasta ya joto, hata kama video ya TikTok imesema. Inaleta maji fasi maji hayatakiwi, halafu inakauka haraka. Na kama saa ya ordi inarudi nyuma miaka kila ukiiwasha, usikimbilie depaneri: ni kabetri ka CR2032 kamekwisha, unakabadilisha mwenyewe.

Gemu zenyewe sitasema mingi. Kupakua giga 100 kwa mega za simu ni kujiua, kwa hiyo watu wanagawana kwa diski ya nje. Ila zile gemu za krak zenye zinakuambia "zima antivirusi kwanza" zimekula picha na kazi za shule za watu wengi. Kuna za halali za bure: eFootball tangu 2021, na duka la Epic linatoa gemu za bure tangu Desemba 2018, siku hizi kila wiki. Mtu mwenye iko na fasi yenye intaneti nzuri anaweza kuchukua kwa akaunti yake pole pole. Na ordi mbili na kebo moja ya mtandao kati yake zinatosha kwa mashindano ya kitaa bila mega hata moja.

Kimebaki kitu kimoja, Windows. Microsoft ilifunga mlango wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaomba prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0. Yetu ya kizazi cha tatu haiingii kwa njia ya halali. Kama ordi yako mara mingi haiko kwenye intaneti, baki kwenye 10 na uwe makini na flashi za watu. Kama unaingia mtandaoni kila siku, jaribu Linux Mint pamoja na Steam. Gemu mingi za Windows zinafunguka humo, lakini zile za mtandaoni zenye ulinzi mkali, kama Fortnite, zitakukatalia. Na ukianza kuweka akiba kwa ordi ya kesho, lenga OptiPlex 7060 ya kasha refu, ya 2018, yenye Core i5-8500 ya viini sita. Onduleri yako, SSD yako na karti yako vitahamia humo bila shida. Ramu tu njo itabaki nyuma, juu ile inakula DDR4, na hiyo muachie mdogo wako pamoja na ordi ya kwanza.